Marehemu Wangu wa Darasa la Kwanza

Kila mwaka, Oktoba ikielekea ukingoni, watu wanapochoma majani kule kwenye milima ya Matogoro na moshi ukashuka mjini, mimi hufunga madirisha. Majirani wanadhani nina pumu. Sina pumu. Ni ile harufu tu, harufu ya majani makavu yaliyoungua, inayoingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele, hata kwenye chai. Inanirudisha kwenye dawati la tatu kutoka mlangoni, darasa la kwanza, shule ya masista, mwaka ule nilioua mtu kwa penseli.

Msinikimbie. Kaeni kwanza niwaeleze.

Mwalimu wetu, Sista Imelda, alikuwa mrefu na mwembamba, na viatu vyake vya raba havikuwa na sauti. Unaandika zako, mara unaona kivuli juu ya daftari. Ukutani alikuwa amebandika chati ya majira ya mwaka. Masika ilikuwa na mtoto ndani ya dimbwi, kipupwe na mtoto wa sweta, kiangazi na jua lenye macho na meno. Vuli ilikuwa na mtoto mwenye mwavuli mwekundu. Tuliyaimba yote manne kwa nguvu, ingawa Songea vuli hatuijui. Miezi ya yule mtoto wa mwavuli sisi tulikuwa tunakohoa moshi na kutazama mawingu yanayotudanganya kila jioni. Siku moja nilimuuliza Sista mvua ya kwenye chati inanyesha wapi. Akasema, "Inanyesha kwa aliyechora."

Novemba ilianza kwa sherehe. Siku ya Watakatifu Wote kila mtoto alikuja amejifunga shuka la kwao na taji la karatasi kichwani, awe mtakatifu wa jina lake. Mimi ni Tekla, na kwa kuwa hakuna aliyejua Mtakatifu Tekla alivaaje, nilivaa shuka la mama lenye maua. Rafiki yangu Oliva, ambaye kwao palikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu pale Bombambili, alikuwa amejipaka unga usoni. Alisema watakatifu wa kwenye picha wote ni weupe. Tulicheka mpaka Sista akatupigia makofi tunyamaze tusali.

Tuliponyamaza, sikupenda nilichokiona. Jua lilikuwa limeingia kwenye moshi, jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, na mwanga wake ulifanya darasa zima liwe na rangi ya kutu. Watoto arobaini wamesimama kimya ndani ya mashuka. Nikamtafuta Oliva, nikaona uso mweupe usiopepesa macho. Nilijua ni yeye, lakini nilisogea pembeni.

Baada ya sala Sista aliweka mezani boksi la viatu lililofunikwa kitambaa cha zambarau, na juu yake amelikata tundu. Akatuambia kesho ni siku ya Marehemu Wote. Twende nyumbani tukawaulize wazazi majina ya marehemu wetu, kesho asubuhi tutayaandika wenyewe kwa mkono wetu, na jioni katekista atayasoma makaburini mbele ya parokia nzima. Kwa sisi tuliokuwa ndiyo kwanza tumejua kuandika, ile ilikuwa heshima kubwa kuliko taji la karatasi.

Njiani kurudi nyumbani, watoto walihesabu marehemu wao kama wanavyohesabu gololi. Oliva alikuwa na tisa. Mvulana mmoja alikuwa na kumi na mmoja, ila tukagundua ameweka na mbwa. Mimi sikumjua hata mmoja.

"Nikuazime?" Oliva akaniuliza kwa huruma. "Chukua babu mkubwa. Hata mimi simjui."

Nilikataa. Nilitaka wa kwangu.

Nilimkuta mama uani anachambua maharage kwenye ungo. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja cha kupanga, mimi na yeye. Bibi na babu, wazazi wa mama, walikuwa wazima kwao Mbinga. Nikamuuliza marehemu wetu ni nani. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nani kakutuma kuuliza?"

"Sista. Tunaandika majina."

"Hatuna."

"Hata mmoja, mama?"

"Hata mmoja. Kachote maji."

Mama hakuwa mkali wa kawaida, kwa hiyo niliposikia sauti ile nilichukua ndoo nikaondoka. Niliporudi alikuwa bado anachambua, lakini jua lilikuwa limekwisha kushuka na punje zenyewe zilikuwa hazionekani.

Asubuhi Sista aligawa vipande vya karatasi. Nje upepo ulikuwa unazungusha majivu ya majani, yakawa yanaingia dirishani, meusi na mepesi, yanatua juu ya madawati. Ukiyagusa yanapotea. Wenzangu waliinama, ulimi nje, kila mmoja akiandika watu wake, na sauti ilikuwa ni ya penseli tu zikikwaruza. Kivuli kikasimama juu ya karatasi yangu tupu.

"Tekla, huna mtu?"

Aliuliza kwa upole, lakini dawati zima mbele yangu liligeuka.

"Ninaye," nikasema.

Jina langu kamili nilikuwa nalijua vizuri: Tekla Severini Luka. Niliacha la kwanza nikaandika yaliyobaki. Severini Luka. Baba yangu.

Baba alikuwa mzima. Alikuwa amekwenda upande wa Lusewa kulima tumbaku nikiwa na miaka minne, na kila nilipouliza atarudi lini mama alisema bado. Kwa nini nilimwandika yeye? Nimejiuliza swali hilo kuliko maswali yote ya maisha yangu. Nadhani ni kwa sababu kati ya watu wote niliowajua, yeye ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote. Nilikuwa nakumbuka kikohozi chake na harufu ya tumbaku kwenye koti lake, lakini uso ulikuwa umefutika. Niliikunja karatasi mara nne nikaitumbukiza kwenye tundu. Mara tu ilipoacha vidole vyangu nikataka kuirudisha, lakini Oliva alikuwa nyuma yangu na tisa wake, ananisukuma.

Saa kumi jioni makaburi yalijaa watu. Mama hakuja, alisema kichwa kinamuuma. Sisi wa darasa la kwanza tulisimama mbele, kila mmoja na mshumaa wake, na upepo ulikuwa unailaza miali yote upande mmoja. Padri alinyunyiza maji ya baraka, kisha katekista akafungua boksi. Alikuwa mzee mwenye sauti nene, sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Alisoma majina bila haraka, na baada ya kila jina watu waliitikia. Nikawa naomba karatasi yangu iwe imenasa mahali.

"Severini Luka."

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," watu wakaitikia. Na mimi pia, mdomo ulikwisha kuzoea, nikaitikia.

Pale pale upepo ukakatika. Sisemi ulikuwa muujiza. Upepo wa jioni huku kwetu hukatika hivyo hivyo, mtu yeyote wa Songea atakwambia. Lakini miali yote iliyokuwa imelala ilisimama wima kwa pamoja, makaburi yote, na mimi nilikuwa na miaka saba. Nilijua amesikia akiitwa.

Mama Oliva alinifikia kabla majina hayajaisha. Akachuchumaa, akanishika mabega.

"Tekla. Ni baba yako aliyesomwa?"

Nilitaka kusema hapana, bado, yuko Lusewa. Kilichotoka ni kilio, na kilio kile kilikuwa jibu tosha. Aliinuka akaenda kwa wanawake wengine, nikaona vichwa vinasogeleana na khanga zinafungwa viunoni.

Nilikimbia nikafika nyumbani kabla yao, nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Hofu yangu kubwa ilikuwa fimbo. Mama angetoka, angewauliza nani kawaambia uongo huo, na mimi ningechapwa mpaka nikome, na baba angebaki mzima. Nilikuwa tayari. Niliiombea ile fimbo ije, kwa maneno yale yale ya rozari.

Walikuja kama kumi, na kuni, na unga, na mkeka mmoja. Mama akatokea mlangoni.

"Pole, dada," Mama Oliva akamwambia. "Jina tumelisikia makaburini. Kumbe umejifungia msiba peke yako?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Nikamsubiri aseme. Badala yake akakaa chini pale kizingitini, na ikamtoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala sijaisikia tena. Wanawake wakamdaka. Nami nyuma ya pipa nikaelewa kwamba fimbo haiji. Baba alikuwa amekufa kweli, na aliyemuua nilikuwa mimi.

Siku tatu nyumba yetu ilikuwa ya watu. Mtu mmoja aliuliza kazikwa wapi, mama akajibu, "Kulekule," na wazee wakamkonyeza muulizaji anyamaze. Sista Imelda alikuja na sukari. Alinishika kichwa akasema nilikuwa jasiri kuandika jina lile. Nilimtazama usoni nione kama anajua nilichofanya, nikashindwa kujua. Usiku nilisikia kikohozi nje ya dirisha. Ninajua sasa kwamba ua lilikuwa limejaa waombolezaji, na nusu yao walikuwa na moshi kifuani.

Toka hapo mkono wangu ukawa na adabu. Sikuandika jina la mtu aliye hai kwenye karatasi yoyote kama ningeweza kulikwepa. Kwenye fomu, palipoandikwa "jina la mama" niliacha wazi, na karani wa shule ya sekondari aliniita mzembe mbele ya watu. Wenzangu walipoandikiana kumbukumbu mwisho wa kidato cha nne, mimi nilichora maua. Oliva akanicheka. Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi?

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, muuguzi aliniletea kadi ya kliniki niandike jina. Nilishika kalamu, nikamrudishia, nikamwomba aandike yeye. Mama, aliyekuja kuniuguza, alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Alisubiri muuguzi aondoke.

"Una nini na kuandika, mwanangu? Nimekuona tangu ukiwa mdogo."

Basi nikamwambia. Karatasi, boksi, upepo, pipa la maji. Nikamwambia kwamba baba alikuwa mzima mpaka mimi nilipomwandika. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Mtoto alikuwa amelala kati yetu.

"Hukumuua," akasema. "Ulichelewa miezi saba."

Sikumwelewa. Akaieleza polepole, macho yako kwa mtoto. Mwezi wa nne wa mwaka ule, mvua zikiwa bado hazijakatika, alikuja mtu kutoka Lusewa kununua mbegu, akamwambia kwamba Severini amefariki kwa homa, na kwamba ana siku tisa tangu azikwe. Huko alikuwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ndiye aliyekaa mkekani na kupewa pole. Mama alimshukuru mjumbe, akampa chai, akarudi kuchambua mboga.

"Ningemliliaje?" aliniuliza. "Niite watu, niwaambie nini? Mume wangu kaliliwa na mwanamke mwingine, mimi sikuitwa hata kutupa udongo? Nilinyamaza. Nililia shambani, kule mtu hasikii. Wale wanawake walipoingia na kuni zao ndipo nikapata msiba na mimi. Wewe ndiye uliyeniletea."

"Lakini mama, hukuniuliza nimejuaje."

"Waliponiambia jina limesomwa, nilijua kumbe ulisikia. Siku ile mjumbe anaongea wewe ulikuwa mlangoni unachezea kamba. Nikasema mtoto amejua na amenyamaza, ananionea huruma. Nikaona aibu kukuuliza. Umenizidi moyo, nikasema."

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikuwa nachezea kamba.

Nilikasirika, nisiwadanganye. Miezi saba alinisuka nywele, alinipikia, alicheka na Oliva na unga wake, na kumbe alikuwa mjane. Kisha nikakumbuka na mimi miaka yangu, mingi zaidi kuliko miezi yake, nikila naye sahani moja bila kumwambia neno. Hasira ikakosa pa kukaa. Nilichokuwa nacho ni huruma, kwa mwanamke wa miaka ishirini na sita anayelia peke yake katikati ya mahindi, na kwa mtoto wa miaka saba nyuma ya pipa akiomba achapwe. Chumba kilikuwa kimoja, na kitanda kimoja, na kila usiku tulilala tumepeana migongo, kila mmoja akimficha mwenzake maiti ileile.