Tundu la Kupitisha Mkono

Mchimba makaburi wa Makoko hagusi jembe kabla ya kuwauliza wafiwa marehemu alikuwa akisali wapi. Wakatoliki, hueleza kwa sauti ya chini, husema tumo tayari ndani ya miaka elfu ya utawala wa Kristo; Wasabato wenzake wanaingoja, wateule wafufuliwe kwanza, waliosalia walale mpaka itimie. Kisha hupangusa mpini kwa kiganja, akachimba. Mkewe alifariki akiwa Mkatoliki.

Asubuhi moja Consolata, shemeji yake, alimkuta ndani ya shimo jipya alilojichimbia ubavuni mwa kaburi la mkewe, akitoboa kwa sururu ukuta wa udongo uliowatenganisha.

“Shemeji, unajichulia!”

“Na dada yako tulikuwaga tunabishana kila Sabato, hatukupatana. Miaka elfu ni mingi kukaa bila yeye. Atakayeitwa kwanza atamvuta mwenzake.”

“Na Bwana akiuliza unamvuta nani?”

“Ataona tumeshikana.”

Consolata alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Sururu ilikuwa imelazwa chini, mikono ya mzee imetulia magotini, lakini udongo wa lile tundu uliendelea kumwagika taratibu, ukitokea upande wa dada yake.