Ndimu Haiui Mnyoo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba ndimu inaivisha samaki. La pili lilikuwa kumdanganya daktari, na hilo ndilo lililokaribia kunipotezea jicho.

Nina miaka ishirini na minne, mpishi wa loji ndogo hapa Karatu. Upishi nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, nikirudia sosi moja hata mara saba. Kwenye samaki tu sikuwa na wa kumuuliza. Sisi ni Wairaqw, na mama hajawahi kumweka samaki kwenye sufuria yake. Humwita nyoka wa maji.

Siku moja muuzaji samaki mwenye pikipiki alileta kambale kutoka ziwani Mang'ola. Nikakata minofu myembamba, nikailoweka kwenye ndimu kama video ilivyoelekeza. Ikageuka myeupe, nikaona imeiva. Nikaonja, nikaongeza chumvi, nikaonja tena, mpaka nikawa nimemaliza nusu ya samaki. Wageni hawakupelekewa, kwa sababu sikuridhika. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Siku ya tatu nilitapika, tumbo likakata, kisha likatulia. Wiki ya nne ukatokea uvimbe ubavuni, mwekundu, wa moto, unaowasha kwa ndani. Nikauzungushia wino wa kalamu ili niupime. Asubuhi duara la wino lilikuwepo, uvimbe haupo. Ulikuwa umehamia kwapani.

Mama akanipeleka hospitali. Daktari, dada mpole, akaniuliza kama nimekula samaki au nyama mbichi.

Mama akacheka. "Huyu? Huyu anaosha hata chumvi, daktari."

Mpishi mzima, nikaona aibu. Nikasema hapana. Nikarudi nyumbani na vidonge vya mzio.

Siku tisa baadaye niliamka kope la kushoto limevimba, jicho halifunguki, na nyuma yake kitu kinavuta. Nilijua ni kile kilichokuwa kikihama mwilini. Njia nzima ya kurudi hospitali nilikuwa nimelishika kwa kiganja, kana kwamba naweza kukizuia.

Daktari alivuta kiti karibu. "Kama kuna kitu hukuniambia, niambie sasa. Hicho kinachotembea kikiingia ndani ya jicho, unaweza usione tena."

Nikamwambia yote, mama akiwa pembeni.

"Kumbe chumvi unaosha," mama akasema, "nyoka unamla mbichi."

Daktari alieleza kwamba ni mnyoo mchanga wa samaki wa maji baridi. Mwilini mwa mtu hukosa makao, hivyo hutangatanga. Ndimu haimuui, pilipili haimuui. Moto humuua.

Nilimeza dawa wiki tatu. Kila asubuhi nilifumba jicho la kulia, nikasoma kalenda ya ukutani kwa la kushoto. Siku ya kumi na moja kikatokea kipele juu ya nyusi. Daktari akakichana, akatoa kitu cheupe, kifupi kuliko punje ya mchele.

Nawashukuru yeye na mama. Wewe unayesoma, usimwogope samaki wa ziwani. Wengi wana minyoo, lakini akiiva vizuri hana madhara. Ukiugua, sema ulichokula, hata kama kinakuaibisha.

Jicho langu linaona. Siku hizi sionji samaki mpaka nyama iachie mfupa, na daktari akiniuliza nimekula nini, namjibu kweli.