Tabaruku kwa Kaka

Katika kitivo chetu cha sayansi, pale Butembo, darubini zilikaa dirishani kwa sababu umeme ulikuja ulipotaka wenyewe. Tuliazima mwanga wa jua, na wingu likipita sote tulinyanyua vichwa tukangoja. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia. Kazi yangu ilihusu ugonjwa unaoozesha matunda ya kakao yakawa meusi yakiwa bado mtini, na majaribio niliyafanya katika shamba la kwetu, upande wa Mavivi, pembeni mwa Beni. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyelilima. Ndiye pia aliyeninyunyizia dawa yangu ya majani ya tumbaku, huku akinicheka: "Miaka yote hii kwa masomo, ni juu ya kuja kuvutisha kakao tumbaku?"

Asubuhi moja watu wenye mapanga waliingia mashambani kule. Waliouawa waliokotwa, wakazikwa. Kaka hakuwa kati yao, wala hakurudi.

Mama alikataa kilio. Majirani walikuja kukaa naye, akawarudishia mlangoni. "Hapana," alisema. "Mutu mwenye sijaona mwili yake, siwezi kumulilia." Hata misa hakumwombea. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hao hawakufika kwetu. Kaka hakuwepo, na lake lilikuwepo lote: sahani yake mezani, mashati yake yakifuliwa usafi juu ya usafi. Watu hawakujua watupe pole au watuulize habari, kwa hiyo wakaanza kupita njia nyingine. Mimi nilitaka mama alie, ili nami nilie. Kwetu mtoto hamtangulii mama yake kwenye kilio.

Basi nikarudi Butembo na ganzi yangu. Nilikula, nilisafisha vioo vya maabara, nilijibu salamu. Shamba halikufikika tena, na sehemu moja ya majaribio ilikuwa haijapimwa. Mwalimu aliyenisimamia, mtu wa Kasai aliyeletwa kwetu na kazi, aliniita ubaoni. "Mademoiselle, parcelle moja ikipotea, kazi haikufa. Iko formule." Unachukua vipimo vya sehemu zilizobaki, unakisia kile kilichopotea, na hesabu inaendelea. Nikakokotoa. Namba ikatoka safi, na desimali zake. Sikusikia kitu. Hata hasira, ambayo kwa kawaida siiazimi kwa jirani, haikuja.

Kwenye ukurasa wa tabaruku niliandika: kwa kaka yangu mkubwa, aliyelima shamba hili. Sikuongeza neno. Kwetu jina la marehemu hufuatwa na maneno ya Kifaransa, de heureuse mémoire, mwenye kumbukumbu njema, na vitabu vya wahitimu wa Beni vimejaa maneno hayo. Mchapaji wa karibu na chuo, mtu mwenye haraka na moyo mwema, aliyaongeza mwenyewe. Niliyaona vitabu vikiwa vimekwisha kujalidiwa, na nakala za waamuzi zimeshafika sekretarieti. Nilipaswa kushtuka. Nikafunga ukurasa, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kutetea kazi yangu mama alipanda kutoka Beni, amevaa kitenge kipya na sweta, maana baridi ya Butembo anaiogopa kuliko barabara. Alikaa nyuma kabisa. Waamuzi waliuliza kuhusu sehemu iliyopotea, nikawajibu kwa ile formule, wakatikisa vichwa wameridhika. Nikapita vizuri. Nje wenzangu walinimwagia poda kama desturi, na mama akawapokonya kopo, akanimiminia yote kichwani, akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kaka apotee. Nilisimama nikipigwa picha, mweupe kama muhogo uliomenywa.

Tulipokaa barazani mbele ya maabara akaomba kitabu, akishike tu. Kumbe alitaka kukisoma. Kifaransa alifundishwa na masista utotoni, nami nilidhani kimemtoka. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Kidole kikasimama.

"Nani alikwambia?"

Ilinichukua muda kuelewa. Alidhani mwili umepatikana na habari imenifikia mimi kwanza.

"Haiko mutu, mama. Ni yule mwenye kuchapa. Alitia tu."

"Alitia tu namna gani?"

"Anatiaka ile kwa batoto bote ba Beni."

"Bote?"

"Bote, mama. Hata haulizi."

Alitazama wenzangu. Walikuwa wengi pale uani, wengine wa Beni kama sisi, wakiimba na kurushiana poda, kila mmoja na kitabu chake kwapani. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akafungua kitenge chake cha sherehe, akakikaza upya tumboni, namna wanawake wetu wanavyokikaza wanapoingia nyumba ya msiba.

"Ita shangazi yako ku simu," akasema. "Umwambie bawashe moto mbele ya nyumba. Tunakuya."

"Tunakuya kufanya nini, mama?"

Nilijua. Nilitaka alitamke yeye.

"Kumulilia mutoto yangu," akasema, na akaanza palepale, mbele ya maabara, kwa sauti kubwa, na mimi nikamfuata.