Gari la Mtani

Nilisikia msumeno kabla sijauona uwanja wetu. Nilikuwa natoka shuleni nilikofundisha, bado niko nyuma ya mikorosho, na sauti ikanijia kavu, chuma kikila chuma. Nilijua ni kaka yangu. Sikujua anakata nini.

Nilitokeza uwanjani. Paa la gari lilikuwa limelala majanini kama sufuria iliyopinduliwa. Milango yake minne iliegemezwa ukutani. Injini ilining'inia kwa mnyororo kwenye tawi, ikidondosha oili. Kaka aliinua uso uliolowa jasho, anang'aa kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

"Hilo si gari la mtani?" niliuliza.

"Arobaini imepita, mdogo wangu. Hakuna aliyekuja."

Kaka alikuwa fundi katika gereji ya shamba la mkonge, karibu na Lindi. Meneja Mzungu alipofungasha na shamba kuwa la umma, aliacha rundo la magazeti ya magari, na katika moja kulikuwa na picha ya mtu amesimama kando ya gari la mbio alilojiundia nyumbani: la chini, la watu wawili, halina paa, pua ndefu. Kaka aliikata picha ile, akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Tangu siku hiyo alitaka kuwa na lake.

Bati na nondo za kuundia bodi alikuwa nazo. Alichokosa ni gari moja kuukuu la kutoa vilivyobaki: injini, giaboksi, ekseli, usukani, breki. Lazima vyote vitoke tumbo moja, alisema, maana ukichanganya vya huku na kule vitagombana maisha yao yote. Kwa karibu mwaka mzima alizunguka akitafuta, mfukoni ana kamba ya ukindu yenye mafundo ya kupimia na msumari wa kudunga chuma ili ajue kama kimeoza.

Kule Rondo alipata gari la kubebea mbao. Injini ilinguruma vizuri, ila ilikuwa nzito mno; alisema ingeliinamisha gari lake kama mtu anayetafuta sindano. Kilwa alipata dogo, jepesi, akalipenda kwa dakika tano. Kisha akafungua nyuma na kukuta injini imekaa huko, mahali alipotaka pawe pa mgongo wa dereva. Hata hivyo akalichoma msumari. Ukazama wote. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula kila kitu, ikaacha rangi.

La tatu lilikuwa karibu sana hata hakuwa amelifikiria. Lilikuwa la mtani wake wa Kilangala, mzee mchangamfu aliyelifuta vumbi kila asubuhi. Injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, chasisi nyepesi na kavu kwa sababu halijawahi kulala karibu na maji. Kaka alilala chini yake saa nzima. Alipotoka alisema, "Ukifa, mtani, hili langu."

"Ukitangulia wewe, nabeba spana zako, na huyo dada yako juu."

Tulicheka wote, hata mimi niliyebebwa.

Mzee yule alikufa kabla ya masika. Kabila lake na letu ni watani tangu mababu, na kwetu mtani hana adabu msibani, wala hatakiwi kuwa nayo. Wakati wanawake wanalia, kaka aliuchukua ufunguo ukutani, akaliwasha gari, akaondoka nalo akipiga honi. Waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Kisha wafiwa humfuata na jogoo, hukomboa mali yao, na mali hurudi ilivyokuwa. Wasipokuja mpaka arobaini ipite, ni yake.

Kaka alisubiri. Mimi mwenyewe nilimletea chaki ya shuleni, tukawa tunachora mistari nyuma ya mlango. Mstari wa arobaini ulifika. Tulikwenda kwenye hitima, tukala pilau, hakuna aliyetaja gari. Kesho yake akashika msumeno.

Miezi mitatu baadaye, chasisi ilikuwa imekatwa katikati na kuunganishwa fupi, na pua ya bati imeanza kuonekana. Asubuhi moja tulisikia hodi. Alikuwa mjane wa mtani, amevaa kanga mpya, kwapani ana jogoo mwekundu.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaingia akiwa anacheka. "Yuko wapi mwizi wangu? Nimekuja kukomboa." Akakaa, akatueleza kwamba sasa watu wanahamia kijiji kipya cha ujamaa, kiwanja ameshapewa, na mnunuzi wa gari amempata. Nyumba yake itasimama kabla ya mvua.

Kaka aligeukia uwanjani. Mjane alifuata macho yake, akatazama nje kupitia dirishani. Kicheko kilimwisha usoni kidogo kidogo.

"Shemeji," kaka alisema, "nilihesabu arobaini."

"Na mimi nilikuwa ndani. Mwenye eda atatokaje?"

Miezi minne na siku kumi. Tangu utotoni nilijua mjane hatoki mpaka eda yake iishe, na kaka alijua, na hakuna kati yetu aliyeikumbuka hata mara moja tulipokuwa tukichora mistari ile. Tulihesabu siku za maiti. Za aliyebaki hatukuzihesabu.

Kaka alisema atalimaliza hilo analoliunda, mjane alipeleke kwa mnunuzi. "Nimekuja kukomboa gari," mjane alisema. "Lile si gari."

Nilingoja atukane. Ningependa atukane. Lakini mtani hakasirikiwi, na yeye aliishika mila hiyo kuliko sisi. Alimweka jogoo sakafuni, akanyoosha mkono. Kaka aliutoa ufunguo msumarini, kitu pekee kilichobaki kama kilivyokuwa, akampa. Mjane akaufunga kwenye ncha ya kanga yake, akatuaga kwa heri ya kawaida, akatoka. Mlango aliuvuta mwenyewe nyuma yake, taratibu, na ile mistari ya chaki ikarudi ikatukabili.