Eda Aliyonyimwa Mama

Harufu ya mafuta ya nazi yakichemka pamoja na magadi makali ndiyo iliyokuwa ikituamsha watoto wa mtaa wa Malindi, hapa kisiwani kwetu. Ilitoka kiwanda cha sabuni cha serikali, ikaingia kwenye nguo, kwenye chai, mpaka kwenye nywele. Wenzangu wakiziba pua, mimi navuta pumzi kwa maringo, maana ile ilikuwa harufu ya baba yangu. Baba, mtoto wa kuli wa bandarini, alipelekwa Urusi kusoma mambo ya viwanda, akarudi na koti zito lisilovalika kwa joto letu, na haukupita muda akafanywa meneja. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na sababu yake mtaiona, lakini nilichokiona nakijua: baraza yetu ilikuwa haina pa kukaa kwa watu. Huyu anamtafutia mwanawe kazi, yule anaomba vipande vya sabuni vilivyokatika. Mkono mtupu haulambwi, na wa baba wakati ule ulikuwa umejaa.

Sikukuu ya taifa ilipokaribia, wakubwa walitaka maduka yajae sabuni. Baba akawaeleza kuwa sabuni ikitoka jikoni hulazwa wiki kadhaa ipungue ukali. Ikiuzwa mbichi hula ngozi. Wakamwambia kazi ya meneja ni kutii. Akatii. Sabuni ikauzwa mbichi, na sherehe haijapoa wanawake wa mji mzima mikono imewababuka, wengine imevimba kama andazi. Redioni ikasemwa kuna mhujumu kiwandani. Aliyetoa amri hakutajwa. Walikuja kumchukua baba baada ya sala ya alasiri, alama ya msala bado iko kwenye paji la uso. Alivaa viatu taratibu, akamwambia mama asiache wali uungue, akatoka nao. Hatukumwona tena.

Kuanzia kesho yake baraza ilikaliwa na paka peke yao. Wale waliokuwa wakimkimbilia baba kwa salamu, sasa wakituona wanavuka njia, na mama akipiga hodi kwa jirani kuomba moto, mlango unakohoa ndani lakini haufunguki. Skuli nilikaa dawati peke yangu. Watoto walikuwa na mchezo wao: nikimgusa mmoja, anajipuliza mkono na kusema, "Binti mhujumu kanibabua." Mwalimu anasikia, anaandika ubaoni. Nikaacha kwenda, na mama hakuniuliza. Tulikuwa watu wawili katika nyumba ya vyumba vinne, tunasemezana kwa sauti ya chini kama wageni.

Siku moja mtu aliyetoka gerezani alimpita mama sokoni, akamnong'oneza bila kusimama kuwa baba keshafariki, kitambo. Mama alirudi nyumbani hakulia. Alivua bangili, akaosha wanja, akavaa kanga nyeupe, akatandika godoro chini akae eda, kama afanyavyo kila mke aliyefiwa, miezi yake minne na siku kumi. Mimi nikafagia ukumbi, nikatandika mikeka ya watakaokuja kutoa mkono wa pole. Aliyekuja alikuwa mmoja, kiongozi wa akinamama wa tawi la chama mtaani, mwanamke wa manukato mengi, na hakukaa.

"Nani kakwambia mumeo kafa?" akamwuliza mama. "Wewe ni mke wa msafiri. Mke wa msafiri hakai eda. Ukikaa, unasema serikali imeua."

Mama akamtazama sana. "Basi mwambieni msafiri arudi," akasema. "Mke wake nshachoka kungoja."

Yule kiongozi akajibu kuwa mwanawe anaolewa Ijumaa, na angependa kumwona mama harusini, kapambwa kama wenziwe. Tukajua si mwaliko. Ijumaa mama alikwenda, mimi nimeshika kanga yake. Alikaa katikati ya vigelegele, mikono kainyoosha, akitiwa hina siku ambazo ilikuwa haramu kwake hata kunusa udi. Wanawake wale wote walijua, na wote walikuwa wakitazama miguu yao. Mpakaji tu ndiye aliyeinama karibu, akajifanya anarekebisha ua la hina, akasema kwa sauti ya kupotea, "Mungu akupe subira, bibi." Hiyo ndiyo pole pekee mama yangu aliyopewa mpaka anaingia kaburini.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Nyumba ilijaa hata pa kupita hapana. Wanawake walitoka hata Bwejuu, mwisho wa kisiwa, na masufuria yao, wakalia, wakacheka, wakanikera, wakanilisha kwa nguvu. Wajukuu zangu, wasomi wote alhamdulillahi, walipokezana kulala nami. Hakuna aliyeniuliza nani kaniruhusu kufiwa. Nikakaa eda yangu yote kwa raha, ikiwa msiba una raha. Siku zilipotimia wakaniletea nguo za rangi na marashi, wakanambia, "Bibi, toka, siku zimekwisha."

Nikawajibu zangu zimekwisha, za mama bado. Mjukuu wangu ustadhi akanieleza kwa adabu kwamba hilo halimo katika sheria, mtoto hamkalii mama yake eda. Nikamwambia najua. Nikavuta kanga yangu nyeupe, nikakaa.