Jicho Lisilouma

Siku ya tatu jicho la Anselmi lilikuwa jekundu kama pilipili, na pale kwenye kambi ya mkonge, karibu na Kilosa, watu wakanong'ona kwamba amerudia pombe.

"Ni unyuzi tu ulinigusa, Mama Paulina," alimwambia mkewe, Hildegarda. "Mbona haliumi?"

Hilo ndilo lililomtia Hildegarda hofu. Unyuzi wa mkonge ukiingia jichoni, mtu mzima hulia. Tena tangu masika alikuwa akiona sisimizi wakijaa pale mumewe anapokojoa. Alinyamaza, maana binti yao Paulina ameposwa, na watu wangesema ukoo una laana.

Hospitalini daktari alisokota pamba ikawa ncha nyembamba, akaligusa jicho la Anselmi. Hildegarda akapepesa macho. Anselmi hakupepesa.

"Mbona huanzi, daktari?" akauliza.

Daktari akaiweka pamba chini, akamgeukia Hildegarda. "Kioo cha jicho kina kidonda, naye hasikii maumivu. Ana ugonjwa gani mwingine? Nisipojua, litatoboka."

Kwenye benchi nyuma yao aliketi shangazi wa mchumba wa Paulina, masikio wazi. Hildegarda alikaza kanga.

"Nadhani ni sukari," akasema, wala hakupunguza sauti. "Mkojo wake unakusanya sisimizi."

"Mama Paulina!"

"Aibu nitakubebea, Baba Paulina. Jicho siwezi."

"Sukari huua hisia za jicho, na kidonda hakiponi upesi," daktari alisema. "Tumpime damu, na dawa ya jicho tuanze sasa hivi."

Shangazi akainuka, akatoka. Hildegarda hakugeuka, alikuwa akilitazama jicho.