Pikapu Iliyolazwa Kichwa Juu

Mafundi magari wa Mpanda siwaheshimu, na sioni sababu ya kuanza leo. Pikapu ya dizeli aliyoniachia baba ilipoanza kugoma asubuhi, niliipeleka gereji tatu, na kila gereji iliujua ugonjwa kabla sijamaliza kushuka. Fundi wa kwanza alisema betri. Nikamwambia stata inazungusha injini kwa nguvu zote, ila injini haishiki. "Bosi, betri huwa inadanganya," akanijibu, huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko hiyo mikono. Betri ikabadilishwa. Kesho yake gari likagoma vilevile, ila kwa nguvu mpya.

Wa pili alifungua nozeli zote, akazianika juu ya gunia kama dagaa, akaenda kula na kurudi alasiri. Wa tatu alivaa ovaroli safi, na ovaroli safi kwa fundi ni jambo la kutilia shaka. Huyu aliweka sikio kwenye boneti la gari lililozimwa, akatikisa kichwa kwa huzuni. Debe tupu haliachi kuvuma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari linagoma saa ngapi, wala linalala wapi. Ningewaambia kwamba ni asubuhi tu, na kwamba likishawaka mara moja, mchana kutwa linashika ukigusa ufunguo.

Haraka yangu ilikuwa mama. Anaishi Kibaoni, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na nyonga yake haiwezi tena ngazi za basi. Madaktari wa macho walikuwa waje hospitali ya Mpanda kwa siku nne, kisha waondoke. Nilimwahidi mama kwamba nitamfuata mwenyewe, kwa gari la mume wake.

Sasa, nina jirani mfugaji. Ukoo wake ulihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, na kabila lake na langu ni watani. Kwa hiyo ananitukana kila asubuhi, namrudishia, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Siku tunamzika baba alijitosa kaburini, kama ilivyo ada ya watani msibani, akakataa kutoka mpaka tulipompa jogoo. Wiki moja kabla ya madaktari alinikuta napiga stata, akaegemea fimbo yake.

"Mtani, nyie kufuga hamjui kabisa. Hiyo ng'ombe unailaza kichwa juu usiku kucha, maziwa yote yanarudi nyuma, asubuhi unakamua nini? Igeuze!"

Nikamwambia arudi kwa ng'ombe wake waliomzidi akili. Tukacheka wote. Ua wangu una mteremko, na mimi huegesha gari likitazama getini, upande wa juu, kama mtu mwenye safari za maana. Kuligeuza kwa sababu mtani kasema kungekuwa kukubali kwamba kanishinda. Bora nimsikilize mwenye ovaroli.

Mwenye ovaroli alinilia siku tatu kati ya zile nne, akiapa kwamba pampu imekufa, kisha akairudisha ileile. Alfajiri ya siku ya nne nilipiga stata mpaka betri ikaisha. Kulikuwa kumekucha kabisa mtani alipopita. Safari hii hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Fungua boneti," alisema.

Akapitisha vidole kwenye mpira mwembamba unaoingia kwenye chujio la dizeli, akaukunja. Ulikuwa umepasuka, ufa mfupi kama ukucha.

"Pampu yangu ya kunyweshea ng'ombe ilinifanyia hivihivi. Mpira unaovuta ukipasuka, haudondoshi hata tone ukaliona. Unaingiza hewa tu, na mafuta yanarudi kwenye tenki. Ukilaza kichwa juu ndiyo unayasaidia kurudi."

Aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaminya pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu, akaniletea betri ya sola yake. Injini ilishika mara moja. Mafundi watatu, na aliyelitibu gari ni mchunga ng'ombe.

"Nilikuambia wiki iliyopita," akasema.

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania, ndiyo. Sikuwa nadanganya."

Niliendesha kama mwehu, isipokuwa kwenye hifadhi iliyo njiani, ambako tembo hawana habari na haraka ya mtu. Mama nilimkuta amekaa mlangoni tangu alfajiri, amejifunga khanga aliyoitunza kwa siku hiyo. Tulipofika hospitali jua lilikuwa limeshashuka. Nesi alituambia kwa upole kwamba madaktari wamefunga vifaa vyao na wameondoka saa tisa. Watarudi, ila lini hajui. Akaandika jina la mama kwenye daftari.

Ndani ya gari nilimweleza mama yote, nikiwatukana mafundi mmoja mmoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Baba yako naye alikuwa anatukanwa na mtani," alisema. "Alikuwa anacheka kwanza, halafu anakwenda kuangalia."

Wale watatu angalau hawakuambiwa. Mimi niliambiwa bure, uani kwangu, nikacheka, nikaenda kutafuta wajinga wenye spana.

Mpira sasa ni mpya, na gari linawaka hata likilala kichwa juu. Kila Jumapili naenda Kibaoni. Mama anasikia mlango wa gari, anageuza uso upande wa sauti na kusubiri. Mpaka niseme shikamoo ndipo anajua ni yupi kati ya wanawe aliyekuja.